Nilimshtaki mwigizaji mwenzangu wa Walikale kwa sababu ya mito aliyoitaja jukwaani

Wakuu, nawasalimu wote, wanaosoma uzi na wanaouponda.

Nimekaa humu kimya muda mrefu, nacheka na visa vyenu, napita. Leo nina changu. Kila nitakachoandika kilitokea, na mbaya wa kisa ni mimi mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kuniambia natunga. Mtu akitunga hujipendelea.

Niwaweke mahali kwanza.

Mimi ni mtu wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, Kongo. Wazazi wangu ni wakulima wa mlimani: viazi, maharage, ng'ombe wachache. Kiswahili hiki cha kuandika nilikipata Kigoma, nilikosoma miaka kadhaa kwa mjomba. Nikifungua mdomo nyumbani naongea kama wenzangu wa Kivu, na mtawasikia hapo mbele; kwao 'njo' ni ndiyo, 'fasi' ni mahali, na 'bibi' ni mke.

Kazi yangu ni kuandika michezo ya kuigiza. Msifikirie ukumbi na mapazia. Tuko watu sita, tunaigiza Kashuga, siku ya soko na kwenye kambi za waliokimbia vita. Tunatandika turubai chini, tunacheza mchana kweupe. Michezo ya dakika ishirini tu: ndoa, mipaka ya mashamba, wakwe wenye maneno. Watu wanacheka kidogo, halafu wanarudi kwenye shida zao.

Kiongozi wetu ni Mama Furaha. Kwao ni watu wa Butembo, wafanyabiashara, Wakatoliki wasiokosa misa, na kaka yake ana duka la vitambaa hapo Kashuga. Mazoezi tunayafanyia nyuma ya duka hilo.

Huyu mama amekulia dukani, na akiigiza unaliona duka. Mpe nafasi ya bibi harusi, atamkagua bwana harusi kama anakagua kitambaa kilicholoa. Mpe nafasi ya mgonjwa, atabishana na daktari mpaka daktari ashushe bei. Yeye mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Watu wanampendea hilo hilo.

Nilikuwa namcheka sana. Ya kwangu sikuyaona.

Sasa twende kwenye kisa.

Wakati wa kupanda maharage, alifika kambini mtu kutoka Buleusa, upande wa Walikale. Tumwite Bahati, ingawa si jina lake. Miaka arobaini na kitu, mwembamba, buti za mvua hata siku ya jua. Mama Furaha alimkuta kwenye foleni ya maji akimwigiza yule jamaa anayesimamia bomba, watu wanashika mbavu, na mwenye bomba mwenyewe anacheka. Siku hiyo hiyo akamleta kwenye kikundi.

Alikuwa mzuri kuliko sisi wote. Hilo lilinikera kabla sijapata sababu nyingine yoyote ya kumchukia, nalisema mapema ili mjue mimi ni mtu wa namna gani.

Nafasi yake ya kwanza ilikuwa ndogo. Mgeni anafika kwenye nyumba, anapiga hodi, anaomba maji. Ndivyo nilivyoandika.

Bahati hakupiga hodi. Alisimama ukingoni mwa turubai, akawaangalia watu, akasema ametoka Buleusa na amevuka mto fulani. Akautaja jina. Akanyamaza.

Akanyamaza kweli, mtu angeweza kuhesabu mpaka sita.

Akataja mto wa pili. Kimya tena. Akataja kilima, na upande aliopitia. Kimya. Ndipo akapiga hodi na kuomba maji, na kuanzia hapo alicheza vizuri mpaka mwisho.

Majina ya hiyo mito sitayaandika hapa, mniwie radhi.

Nilidhani ni woga wa mara ya kwanza. Mara ya pili akafanya vile vile. Mara ya tatu tulikuwa kambini, akataja mto wa kwanza, akanyamaza, na mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa akajibu kwa jina la mto wa pili.

Bahati akatabasamu. Akataja wa tatu. Yule mama akataja wa nne.

Mchezo ulipokwisha niliwaona wawili hao wamesimama kando ya turubai, wameinamiana, wanaongea lugha nisiyoisikia. Mimi nasikia Kihunde na Kinyarwanda. Ile sikuambulia hata neno.

Kwa nyinyi mlio mbali, labda haya ni mambo ya kawaida tu. Huku kwetu njia ni jambo zito. Anayeshika kilima asubuhi si lazima awe ndiye anayekishika jioni. Nani anajua daraja gani bado limesimama na kilima kinapitika upande gani, hilo watu wamelifia. Sasa mtu mgeni anasimama mbele ya umati, anataja njia hatua kwa hatua, anangoja, na mwingine kutoka kwenye umati anamalizia.

Nyinyi mngewaza nini?

Mimi niliwaza kile kile. Nikanunua daftari dogo, nikaanza kuandika kila alichotaja.

Hapo ndipo wasiwasi ulipozidi, maana njia ilikuwa inabadilika. Wiki hii baada ya mto wa tatu anashuka kushoto, anataja kijito na daraja la mti. Wiki ijayo baada ya mto ule ule anapanda kulia, anataja mawe meupe. Nikajiambia, huyu anatoa taarifa. Anawaambia watu wake wiki hii wapite wapi.

Kuna siku kwenye mazoezi nilimwambia aache hayo mambo ya mito, acheze nilichoandika. Hakukasirika. Alivua buti moja, akakung'uta udongo, akaniuliza:

"Kaka, mu michezo yako yote mugeni njo mwizi. Kwenu hakufikaka mugeni muzuri hata mumoja?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

Niwape sababu, kwa sababu ni kweli alinigusa mahali. Nilipokuwa na miaka tisa, alifika nyumbani mtu kwa ile barabara ya chini, amevaa vizuri. Baba akamkaribisha. Akala viazi vyetu, akanywa maziwa yetu, akamsifu mama kwa mapishi. Miezi michache baadaye alirudi na karatasi yenye mihuri, na nusu ya malisho yetu ikawa si yetu. Baba hakulizungumza tena mpaka alipofariki.

Mimi nikaja kuwa mwandishi wa michezo. Na katika michezo yangu, kumbe, kila anayekuja kwa barabara ya chini anakula viazi kwanza, halafu anafanya ubaya. Nimeandika zaidi ya ishirini na sikuwahi kuligundua. Yeye aliligundua kwa wiki tano.

Nilimchukia zaidi tangu siku hiyo.

Naona kuna mkuu ameshauliza hapo chini kabla sijamaliza: kwa nini hukumuuliza tu? Mkuu, huku ukimuuliza mtu kama ni mpelelezi, umeshamwambia kwamba unajua. Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Sababu ya pili ni kwamba sikutaka jibu. Nilikuwa nimeshaandika kisa chote kichwani, na kilikuwa kizuri.

Nikaandika barua kwa shefu, yaani chifu wetu wa hapo.

Kurasa mbili. Nilieleza mtu huyu amekuja lini, anataja nini, ananyamaza wapi, nani anamjibu. Nikamtaja na yule mama wa nyuma, ambaye nilikuwa nimeulizia jina lake, Mama Sifa, muuza unga wa muhogo kambini. Nikaweka orodha ya mito na tarehe. Wakuu, niliisoma nikajipongeza. Sijawahi kuandika kitu kilichonyooka namna ile.

Nilimwonyesha Mama Furaha kwanza, nadhani nilitaka anisifu. Aliisoma amesimama, miwani puani, akanirudishia bila kuikunja.

"Kaka, iyi barua ukiisha kuitoa mu mukono, haiko yako tena. Muulize muntu kwanza."

Nikamwambia nitamuuliza. Sikumuuliza. Jumatatu niliipeleka ofisini kwa shefu, nikamkabidhi sekretera wake, naye akaitia kwenye faili ya kijani bila hata kuniangalia.

Jumatano watu wa shefu walimchukua Bahati. Walimkuta anasaidia kupanga marobota ya vitambaa dukani. Nilikuwepo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama anaweza kuvaa buti, wakamkubalia, akaenda nao. Wakamtia kwenye kile chumba cha nyuma ya ofisi tunachokiita kasho. Mama Sifa naye aliambiwa asitoke kambini.

Mama Furaha hakunisemesha siku ile wala siku iliyofuata. Alimpelekea Bahati chakula mwenyewe, mara mbili kwa siku.

Ijumaa ilikuwa siku ya soko. Tulicheza bila yeye, mimi nikashika nafasi yake ya mgeni. Nilipiga hodi kama ilivyoandikwa, nikaomba maji. Mchezo ukaenda, watu wakacheka pale pa kuchekea. Nilijiona nimeokoa kikundi.

Tulipokuwa tunakunja turubai alikuja mama mmoja mwenye mtoto wa kike mgongoni, wa miaka miwili hivi. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Mkononi alikuwa na karatasi ya kituo cha afya ndani ya mfuko wa nailoni.

"Kaka, samahani," aliniambia. "Banasema hapa kuko muntu anatajaka njia ya Buleusa mu mchezo. Njo hapa?"

Nilimwangalia. Katika akili yangu, wakuu, hapo ndipo nilipomkamata mtu wa tatu. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba mtandao umejileta wenyewe.

Nikamuuliza anamtakia nini. Akasema amesikia habari zake njiani, kutoka kwa wanawake wanaobeba muhogo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema mtoto ana homa haishuki, kituo cha afya kimemwandikia aende hospitali ya Kirotshe, kule ziwani, na kuna lori lililokubali kumteremsha, linangoja watu wajae.

Nikamwambia, "Hapana, dada. Huyo muntu hatumujue."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea jibu hilo.

"Basi. Nilikuwa nataka nimusikie tu."

Akaondoka kuelekea kwenye lori. Mimi nikachukua daftari langu nikaandika: mama, mtoto mgongoni, karatasi, Kirotshe.

Jumamosi asubuhi shefu alituita wote.

Shefu wetu ni mtu wa sauti ndogo, na hapo ndipo anapotisha. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, sekretera pembeni na faili ya kijani. Bahati alikalishwa kwenye benchi. Mama Sifa aliambiwa angoje nje, mbali, chini ya ukingo wa bati upande wa pili wa uwanja. Mama Furaha alikuja bila kuitwa na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Shefu akatoa barua yangu, akanisukumia.

"Weye njo uliandika. Soma weye."

Sikuwa nimetegemea hilo. Kuandika jambo juu ya mtu ni kazi moja, kulisoma akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwako ni kazi nyingine kabisa. Nilisoma. Zile sentensi nilizozipenda Jumapili nilizisoma haraka haraka, bila kuinua macho. Bahati alikuwa ananisikiliza kwa makini, kama anayesikiliza mchezo mpya.

Nilipomaliza, shefu akamuuliza Bahati ana lipi la kusema.

Alisema bila haraka. "Shefu, kwetu muntu hasimamake mbele ya bantu aanze kusema tu. Unataja njia yenye ilikuleta. Kama kuko muntu wa kwetu, anakuitikia muto wenye unafuata. Njo kukupokea njia. Kama hakuna mwenye kuitika, unajua uko peke yako, basi unaanza hivyo hivyo."

Shefu akauliza, na kwa nini njia inabadilika?

Bahati aliangalia buti zake.

"Siku ile tulikimbia, tuliachana na bibi yangu fasi njia inagawanyika. Bantu balikuwa bengi. Alikuwa na mutoto wetu ku mugongo. Sijue alishika njia ya juu ao ya chini. Njo sababu natajaka zote mbili."

Wakuu, sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimeshika barua bado, na ndani ya mfuko wa koti nina daftari, na kwenye daftari kuna mama, mtoto mgongoni, karatasi, Kirotshe.

Shefu hakuwa amemaliza. Alimwita Mama Sifa, ambaye hakuwa amesikia chochote, akamuuliza swali moja: ukisikia mtu anataja mto wa kwanza, wewe unafanya nini?

"Namuitikia wa pili," alisema Mama Sifa, akashangaa kwamba mtu mzima anauliza jambo kama hilo. "Nikinyamaza, itakuwa nimemukana."

Shefu akamgeukia Bahati tena, akamuuliza kwa nini hakumweleza mtu yeyote kwenye kikundi. Bahati akaninyooshea kidevu.

"Huyu nilikuwa namuogopa. Kila nikifungua kinywa, anaandika. Nikasema, njo huyu balimutuma."

Kwa hiyo wiki zote zile, wakati mimi namshuku yeye, yeye ananishuku mimi, na tunapakuliana ugali kwenye sahani moja.

Hapo Mama Furaha akaomba ruhusa ya kusema. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Kaka, weye kila mchezo wako muntu anatoka ku kilima ya kwenu. Unataja jina yake. Unataja fasi ng'ombe zinapitaka, unataja lupango, shamba ya baba yako. Miaka yote tunacheza vile. Nani aliisha kukuandikia barua?"

Ni kweli kabisa. Kila mchezo wangu unaanzia kwenye kilima chetu. Nilidhani ndivyo michezo inavyoanza. Kilima changu nilikiona ni mandhari ya kawaida, na mito ya Bahati nikaiona ni siri za kijeshi. Na mtu yeyote mwenye nia mbaya angeweza kuchora ramani nzima ya kwetu kwa kusikiliza vichekesho vyangu.

Shefu aliwaachia wote wawili hapo hapo. Nikaomba nirudishiwe barua yangu. Sekretera akasema imeshaingia kwenye faili. Nikamsihi, nikamwambia shefu mwenyewe amesikia kwamba haina ukweli. Akasema faili ni faili. Shefu akanyanyuka akaenda zake kunawa mikono.

Ipo kule mpaka sasa, kurasa mbili, mwandiko wangu, jina lake na la Mama Sifa. Leo ofisi ni ya shefu huyu. Kesho sijui atakayefungua lile kabati ni nani, na atasoma nini mle. Hilo linaniamsha usingizini.

Tulipotoka nje nilimwita Bahati kando. Nilifikiria kumtuma Mama Furaha aseme kwa niaba yangu, nikaona aibu imeshatosha. Nikamwambia mwenyewe. Kwamba jana alikuja mama, ana mtoto wa kike mgongoni, anauliza mtu anayetaja njia ya Buleusa. Kwamba nilimwambia hatumjui.

Nilitegemea anipige. Ningempa na shavu la pili.

Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mutoto alikuwa anapumua muzuri?"

Nikamwambia sikuangalia.

Halafu akauliza lori lilikuwa la rangi gani na limeshika barabara ipi. Nikamweleza vyote, na kwamba karatasi ilikuwa ya kwenda Kirotshe. Kumbe hayo nilikuwa nimeyaangalia vizuri. Rangi ya lori niliikumbuka. Tope miguuni nililikumbuka. Mtoto nilimwandika tu, sikumwangalia.

Kaka yake Mama Furaha alikuwa na gari lake linaloteremka kuchukua mzigo. Mchana huo huo Bahati alipanda nyuma, juu ya magunia ya maharage. Hakuniaga. Aliwaaga wengine wote, mmoja mmoja, kwa mkono.

Wiki tatu hatukusikia kitu.

Tuliendelea kucheza. Niliandika mchezo mpya, nikajaribu kumweka mgeni mwema. Sikuweza, wakuu. Kila nikimfikisha mlangoni, mkono wangu unamtafutia kosa. Mwishowe nilimwacha amesimama nje. Mama Furaha akasema tuucheze hivyo hivyo, na watu walinyamaza sana siku ile.

Halafu ujumbe ukaja, sauti ya WhatsApp. Hakunitumia mimi. Alimtumia Mama Furaha, naye akaniita nyuma ya duka nisikie.

Inaanza na kelele za watu na sufuria, kama uani mwa hospitali wanakopikia. Halafu sauti ya Bahati inataja mto wa kwanza. Kimya. Sauti ya mwanamke inataja wa pili. Yeye wa tatu, mwanamke kilima kile. Wanakwenda hivyo, taratibu, mpaka pale njia inapogawanyika. Pale Bahati ananyamaza kabisa. Unasikia tu masufuria.

Mwanamke anataja kijito cha njia ya chini.

Ujumbe unaishia hapo.

Mama Furaha alikuwa analia, na huyu si mama wa kulia ovyo. Mimi nikamwomba airudie. Akairudia. Nikaomba tena. Mara ya tatu ndipo nilipojishika: nilikuwa nasikiliza kama kweli ile ni sauti ya yule mama wa sokoni, au ni mtu mwingine amefundishwa majina. Mtu nimemfunga kwa uongo, amempata mkewe, na mimi bado namkagua.

Basi, nilichojifunza.

Kila anayeandika au kuigiza anatoka mahali, na pale mahali panaingia kwenye kazi yake hata asipopaalika. Mama Furaha ana duka. Bahati ana mito. Mimi nina karatasi yenye mihuri na mtu aliyekula viazi vyetu. Nilidhani mimi ni mwandishi mwenye jicho kali, kumbe ni mtoto wa miaka tisa aliyesimama mlangoni. Kalamu yangu ilifaa kuchekesha watu sokoni. Siku niliyoitumia kumwandikia shefu, niliitumia kwa woga ule ule, na mtu akalala kasho siku tatu, na mama mwenye mtoto mgonjwa akapanda lori peke yake.

Daftari nililichoma. Barua siwezi kuifikia.

Wanaoandika humu, wanaoimba, wanaoigiza, semeni kwenu kunaonekana wapi katika kazi zenu, na ni nani aliyewaonyesha. Wanaotaka kunichana, karibuni, nimejiandaa, sitajitetea.

Ila nina ombi moja la kweli. Katika ile sauti ya Kirotshe, mtoto hasikiki. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia, na hasikiki, hata kukohoa. Mama Furaha anasema huenda alikuwa amelala. Anasema kama nataka kujua nimpigie Bahati mwenyewe, namba ninayo.

Kama kuna anayejua mtu wa namna yangu anaanzaje kumpigia baba yule na kumuuliza habari za mtoto wake, aniandikie hapa chini. Nitasoma yote.